Dakika Moja ya Kimya

Siku ya tisa Masito, na sokwe hatujamwona.
Tumeona alikolala: matawi yamekunjwa juu ya mtundu.
"Kiota kibichi," anasema Yoramu Bigirwa,
anabonyeza simu yake iliyofungwa raba,
namba mia mbili na kumi na nne.
Tumeona alikokula: makapi ya mbula,
yametafunwa, yametemwa,
meno yake bado yameandikwa humo.
Lwitiko anayapiga picha kama mpelelezi.
Mwenyewe hayupo. Kapita.

Mimi kazi yangu ni masikio.
Nabeba kipaza sauti chenye manyoya
ambacho watoto wa kitongoji walikiita komba,
wakataka kukilisha ndizi.

Jioni, kabla ya kushuka, nikawaambia wote:
sasa naomba dakika moja ya kimya,
nichukue sauti ya mahali penyewe
uwe uzi wa kushonea picha na picha.
Yoramu akavua kofia.
Akasimama wima, mikono ubavuni,
akaninong'oneza: "Nani kafa?"

Nikakosa jibu. Nikawasha.

Sekunde ya kumi: nyenje.
Ya ishirini: jani la mninga
likishuka tawi hadi tawi, bila haraka.
Ya thelathini: tumbo la Lwitiko, linadai mgebuka na mawese.
Ya arobaini na moja
ng'ambo ya bonde kitu kikakohoa.
Mara mbili. Mara ya tatu kikashika,
kikaanza kuimba kwa meno.

Yoramu akavaa kofia yake.

"Usijali," alisema mwongozaji, "mjini tutaufuta."
Na kweli kufuta ni rahisi.
Mezani kwangu, Mwanga, usiku wa manane,
msumeno ni mstari mwembamba wa kijani kwenye kioo:
unauzungushia alama, unabonyeza, haupo.
Nikaufuta. Nikasikiliza.
Msitu ulikuwa safi
kama maiti iliyokwisha kuoshwa.
Nikaurudisha.

Filamu tuliwaonyesha wao kwanza.
Shuka la zahanati ukutani mwa shule,
jenereta nyuma ya choo, madawati yametolewa nje.
Walicheka kujiona. Walimpigia Yoramu vigelegele
alipoteleza kwenye mto na simu mkononi, juu,
yeye akazama, simu isizame.
Kisha ikaja ile dakika.
Nyenje. Jani. Tumbo (wakacheka tena).
Halafu kile kikohozi,
mara mbili, mara ya tatu,
na mtoto wa safu ya mbele akaruka kwa furaha:
"Huo wa baba!"

Hakuna aliyegeuka.
Hilo ndilo ninalolikumbuka mpaka leo:
watu mia mbili, shingo mia mbili
zilizojua pa kutazama, zikajizuia.

Gwasa alikuwa kando ya jenereta,
ndiye aliyeombwa kuitazama, anazijua mashine.
Kidole kimoja tu, na giza lingetufunika sote.
Hakuizima. Picha zikaenda mpaka mwisho,
mpaka majina, na jina la Yoramu
likapita haraka mno, kama yule tuliyemfuata.

Nilipokuwa nakunja nyaya akanijia.
"Kumbe unasikika mpaka kule?"
Nikasema unasikika.
Akapiga kwanja juu ya dawati, taratibu,
kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemuuza.
"Na haya? Mninga huu waliokalia watoto?
Umeurekodi nao?"

Mara ya pili nikakosa jibu.

Wiki iliyopita Yoramu kanitumia ujumbe:
*Bonde la pili. Kiota kipya. Mwenyewe sijamwona.*
Nikamwandikia: *Na ng'ambo, kimya?*
Kule mtandao hupatikana juu ya kichuguu kimoja tu,
na mpaka ukifike umepanda nusu saa.
Natazama simu asubuhi, natazama usiku.
Bado tiki moja.