Ritifaa

Saa tano na nusu usiku, Boyle, kaunti ya Roscommon.
Mvua ya huko hainyeshi, inaloweka tu.
Dympna Gilhooly amebaki peke yake
katika ofisi ya daftari la mifugo,
koti mabegani, hita inanuka vumbi lililoungua,
na ng'ombe nambari 417 hana mwenyewe.

Malachy alizikwa Jumanne.
Kesho alfajiri bintiye anampeleka ng'ombe mnadani,
na mnada haupokei rambirambi, unapokea karatasi.

Basi Dympna anaandika amri, herufi kwa herufi:
mwenye mali awe 'O'Gara' pale ambapo nambari ni 417,
nuktamkato, ingiza.

Kimya.

Si kosa, si sawa. Mstari mpya tu,
na mwanzoni mwake kialama kimening'inia
kama ukucha uliokatwa.
Anaandika: toka. Kimya.
Anaandika: msaada. Kimya.
Anaandika neno ambalo mamake hakumfundisha,
nalo linamezwa vilevile, bila kutafunwa.

Anampigia Cathal. Nyuma ya sauti yake yai linakaangika.
"Hujafunga nukuu," anasema. "Wewe unadhani unaiamuru.
Yenyewe inadhani bado unataja jina la mtu."

Ah, jina.
Sisi tunaoandika ng'ombe tunakijua kidude hicho:
kiondoe, na mnyama anachechemea mdomoni.
Kwa Dympna kilifunga mlango jina likiwa nusu,
O ndani, Gara nje kwenye mvua,
na mlango wa pili ukafunguka, ukakosa wa kuufunga.

Anaufunga. Ritifaa, nuktamkato.
Skrini inafoka: kosa la sintaksia, karibu na Gara.
Viganja vinamtoka jasho. Anawahesabu ng'ombe:
elfu tisa mia mbili na sita, kila mmoja na wake.
Hakuna aliyeguswa.

Anabonyeza mshale wa juu, amri inarudi na aibu zake.
Anaongeza ritifaa ya pili ubavuni mwa ya kwanza,
O''Gara, pacha wanaosomwa mmoja.
Mstari mmoja umebadilishwa.
Printa inakohoa, inakataa, inakubali.

Miezi baadaye, tukila chipsi garini mwake
vioo vikiwa na ukungu, aliniambia:
asiyekuelewa hakudhuru.
Sentensi mbovu ilinirudia mkononi
kama barua isiyo na stempu, basi.
Iliyoniliza ni ile ya Januari,
fasaha, kila nukta mahali pake,
iliyosahau tu kusema *pale ambapo*.
Mashine iliielewa mara moja, ikatii,
na kwa dakika arobaini, mpaka nakala ya jana ilipopatikana,
kila ng'ombe wa kaunti nzima
alikuwa wa bwana mmoja wa Frenchpark
aliyekuwa amelala.

Akalamba chumvi kidoleni.
Hadi leo, akasema, hajaambiwa.