Damu ya Miezi Mitatu

Weka kidevu hapa, kaka Kondo. Paji liguse utepe.
Tazama nukta ya kijani, usipepese.
Zamani nilisema "cheka kidogo"
kwa maharusi wa Magomeni, poda ikichuruzika na jasho.
Siku hizi hakuna anayecheka:
napiga picha ukuta wa ndani,
pale mwanga unapotua.

Dawa imeshazifungua mboni, pana kama vifungo vya koti.
Ukitoka, jua la Upanga litakuchoma;
mwanao akushike mkono, akuvushe barabara.

Umekuja na karatasi ya maabara, umeikunja mara nne
mfukoni mwa shati, kama hati ya kiwanja.
Sita nukta nane.
Mwaka jana ilikuwa kumi na moja nukta mbili,
ukanitania: "Kumi na moja ni ya winga,
naichapa kila siku migongoni mwa jezi, Mtaa wa Msimbazi,
ila hiyo nukta mbili sijui inacheza namba gani."

Nikakueleza: sukari hunata kwenye chembe nyekundu
kama namba inavyonata kwenye jezi ukiibana kwa pasi;
haibanduki mpaka chembe yenyewe ife,
na chembe huishi miezi mitatu, minne hivi.
Ndiyo maana maabara haidanganyiki
kwa kufunga siku mbili kabla ya kliniki.
Ulicheka. Ulikuwa umefunga siku mbili.

Samahani kwa mwanga. Jicho la kulia.
Sasa la kushoto.

Hii hapa kwenye kioo:
duara la rangi ya chungwa,
mishipa imetawanyika kama mto Msimbazi
unapoitafuta njia Jangwani wakati wa masika.
Pembeni, vidoa vyekundu, ncha ya sindano.
Na huku chini mafuta ya njano yamevuja,
matone madogo, madogo,
yanakaribia pale unaposomea.

Unauliza, sauti imeshuka:
"Mbona damu imesema nimepona?"

Mimi si daktari.
Daktari ataziweka kando kwa kando, karatasi na picha,
azisikilize kama mashahidi wawili
walioifika ajali moja kwa saa tofauti.
Nijuacho ni cha mpiga picha tu:
damu ni mpangaji, huhama kila msimu,
huacha chumba kimefagiwa.
Jicho ni ukuta,
na ukuta huhifadhi misumari ya wapangaji wote:
ile miaka tisa ya soda mbili kabla ya saa nne,
ile uliyosema ni uchovu tu, ni vumbi la Kariakoo.

Tena, sitakuficha, nimewaona
ambao sukari ilishuka ghafla na jicho likalalamika kwanza
ndipo likatulia.
Usiitupe hiyo sita kwa hasira.

Nimefuta picha nyingi maishani,
za waliofumba macho, za mashemeji waliopiga chafya.
Hii siifuti. Naiandikia jina, tarehe, kushoto.
Mwakani tutailaza karibu na nyingine.

Unanyanyuka, unapapasa mlango.
Kwenye benchi mwanao amevaa jezi uliyomchapia mwenyewe.
Unamshika mgongo, vidole vinaifuata saba
mpaka pembeni, ilipoanza kubanduka.
Unaibonyeza kwa dole gumba,
unaibonyeza muda mrefu,
kama pasi.