Kabla Hujashuka Nguba

Kaa kwanza. Mtumbwi hauna miguu, utakungoja.
Vua shati hilo, limelowa vilima vya Kadutu,
na jasho la saa kumi na moja jioni
ndilo barafu la saa nane za usiku.

Sweta hili lilikuwa la mjomba wako Cirhuza.
Linanuka moshi, najua.
Kiwiko nimekishona kwa uzi mwekundu, mweusi uliisha.
Juu yake vaa gunia hili la sukari,
nimelitoboa matundu matatu, la kichwa na ya mikono.
Wenzako watacheka. Waache.
Meno yanayocheka saa mbili
ndiyo yatakayogongana saa tisa.

Mjomba wako hakuzama, Akonkwa.
Sokoni husema alizama, kwa kuwa ni rahisi kusema.
Ziwa halikumfika hata magotini.
Mvua ya mawe iliwakuta upande wa Idjwi,
taa zote tatu zikazimika,
wakakaa na wavu mapajani wakingoja kupambazuke,
naye akitetemeka kama chekecheo la unga,
akitetemeka,
kisha akaacha.
Akasema: sasa joto limenijia.
Akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, kwa adabu.
Zihindula, mtumbwi wa kati, akamshukuru Mungu kwa sauti:
kaka amepona!

Hakuna aliyetuambia
kwamba baridi, ikichoka kukupiga,
hukubembeleza.

Basi mtetemeko ni mgeni mwema, mwache abishe hodi.
Akinyamaza, ndipo upige kelele.
Mwenzako akiita wavu ndoo,
akishindwa na fundo alilolifunga tangu utotoni,
usimcheke, na usimwache alale.
Mvueni vilivyolowa, mkumbatieni katikati yenu,
mgeuze pua nyumbani,
hata kama sambaza ndio kwanza wanaanza kupanda kwenye taa.
Wamezaliwa wengi. Watapanda kesho.

Mnapiga makasia mkiimba, sivyo?
Wewe imba, lakini masikio yako yahesabu.
Sauti moja ikipotea kwenye kiitikio
usidhani amesahau maneno.

Chupa ya Byamungu ikizunguka, ipitishe.
Kanyanga huwasha tumbo
huku imefungua milango yote ya ngozi, joto likatoka kama wageni wa harusi.
Uji huu ndio wako, wa mtama na soya, umo kwenye termosi;
kifuniko kina ufa, kiinamishe kushoto.
Na jiko la makala, msiliingize chini ya turubai.
Mkilifunika mkajifunika nalo mtalala vizuri.
Vizuri kupita kiasi.

Jaketi la kuelea nimelikodi kwa Mama Nabintu,
dola mbili hadi Jumamosi.
Usilikalie kama mto. Sikukodi mto.

Unatazama nje. Unasema ni Julai,
kiangazi, mbingu zimefagiwa, mama ana maneno mengi.
Kweli. Mvua haipo.
Upo upepo unaoshuka milimani mwezi usipokuwepo,
hauna ngurumo, hauna wingu la kuutangaza,
huingia kwa mkono wa sweta kama mtoza kodi.

Mimi sitalala.
Ukisimama juu ya jiwe la kufulia, nyuma ya choo cha jirani,
ziwa linaonekana kipande, kama kanga iliyokunjwa,
na taa zenu zimetawanyika humo.
Sijawahi kujua ipi ni ya kwenu.
Mwaka wa mjomba wako nilichagua moja, ya mwisho kushoto,
nikaiangalia mpaka asubuhi. Haikuzimika.
Ilikuwa ya watu wengine.

Leo nitaziangalia zote.

Nenda, wanakupigia mluzi.
Akonkwa!
Soksi.