Ijumaa Kuu, Ghala

Padri anasema deni limelipwa.
Nami nimesimama nyuma kabisa, ukutani,
viatu mkononi kwa sababu ya malengelenge,
nikihesabu: miezi saba ya mshahara bado ni ya wakala.
Deni nalijua. Lina tarehe, lina muhuri.

Lakini damu hulipaje? Hilo sikulijua
hata kule Wundanyi, nilipokariri katekisimu
kama mtu amezaye dawa bila maji.

Mwezi wa pili nilivunja chetezo cha bibi wa nyumba,
cha marehemu mama yake, kilichotoka Dhofari.
Makaa yakatawanyika zuliani,
ubani ukaendelea kufuka juu ya vigae.
Bibi akaingia: Nani?
Ulimi wangu ukawa jiwe.
Aleyamma, mpishi, akafuta mikono kwenye aproni,
akasema, Mimi.

Hakunitazama. Akakatwa mshahara wa mwezi mzima,
na bintiye kule Kottayam alikuwa akingoja karo.
Usiku nikamfuata jikoni, nimshukuru, nilie, sijui.
Akasema: Menya vitunguu.

Sasa watu wanapita mmoja mmoja kuubusu msalaba:
Mfilipino, Mgoa, fundi bomba wa Kisumu
na kofia yake ya kazi kwapani.
Zamu yangu. Mti una baridi ya kiyoyozi.
Sisemi asante; dogo mno neno hilo.
Nainamisha uso pale penye miguu,
na harufu inayonijia, Bwana wangu,
si ubani.
Ni vitunguu.