Mkono wa Saba

Mezani nimepewa vitu vinne:
daftari, muhuri, tochi, na saa ya ukutani
iliyong'olewa ofisi ya kata, ikaegemezwa kwenye debe la alizeti.
Karatasi ya sheria imebandikwa kwa uji:
Dodoma mpaka Wotta, kilomita mia moja tisini na mbili.
Kuondoka, saa kumi na moja alfajiri.
Mwisho wa kupokelewa, saa moja na dakika tano usiku.
Hizo tano hakuna ajuaye zilikotoka.
Nadhani katibu alikuwa akimalizia chai.

Njia waliipima kwa rula.
Kwenye ramani Mbande, Kongwa na Mpwapwa
zimelala kama shanga katika uzi,
na baada ya Kibakwe uzi unaendelea tu, mwembamba, mweusi,
haupandi.
Rula haihemi.
Rula haijui gia iliyokatika meno,
wala changarawe inayorudi nyuma chini ya tairi
kama mdaiwa aliyemwona mdai wake.
Na wale wa kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma,
waje huku na baiskeli.
Huku ngoma ni kupanda.

Saa kumi jioni wakafika vijana wa klabu,
chupa mbili mbili, miguu imenyolewa.
Nikagonga muhuri. Pa.
Saa kumi na mbili fundi Ndahani, anasukuma, haendeshi.
Sheria haikusema lazima uendeshe.
Pa.
Kisha giza, na mbwa, na upepo wa mlimani
unaofunua daftari ukurasa usiotakiwa.
Ilipotimu saa moja na tano mwenyekiti akachukua muhuri,
akaufunga kwenye leso, akautia mfukoni,
akaenda zake kwenye ugali.

Ndipo akaja Mbeleje Chidawali.
Namjua. Huzungusha zabibu za Mpunguzi mitaa ya Area C,
kreti mbili nyuma, mizani shingoni.
Baiskeli ni ile ile, keria ile ile,
kreti tu hazipo. Madoa ya zambarau yapo.
Hakulia. Hakusema pancha,
hakusema jua la Mbande, hakusema tumbo.
Aliegemeza baiskeli kwenye goti langu
kana kwamba mimi ni ukuta,
akauliza, "Ngapi?"

Saa moja na dakika saba.

Katika mwandiko wangu moja na saba ni ndugu wa tumbo moja;
kinachowatenga ni mkono mfupi juu
na kijiti katikati.
Nikachora mstari ulionyooka,
nikanyanyua kalamu mapema.

Akainama na tochi yangu.
Jasho lake likadondoka kwenye safu ya Maoni.
"Hiyo si yangu."
Nikamwambia kwa sauti ya chini, itakupa medali.
"Dakika ya kwanza nilikuwa bado kule konani,
nimeuma meno, sioni hata taa yenu.
Dakika sita hizo ukizifuta,
nani alizipanda?
Weka mkono wa saba."

Nikauweka.
Na kijiti.

Orodha ilitoka Jumanne, majina thelathini na moja.
Chini kabisa wamewashukuru wafadhili,
polisi wa barabarani, mpiga picha,
na mtu aliyekodisha viti.
Mlima hawakuutaja.

Nilimwona tena mwezi uliofuata, Area C, jua limeshakolea.
Kadi yake ameitia nailoni, ameifunga kwenye usukani:
haina muhuri, ina saba yangu
yenye mkono mrefu kuliko unaohitajika.
Mteja mmoja, akichagua kishada, akaikodolea macho.
"Hii ndiyo nini, dada?"
"Saa moja na saba," akasema Mbeleje.
Yule mteja akatazama mkono wake.
"Wapi! Saa nne hii."
Mbeleje akatikisa mizani,
akaongeza zabibu tatu,
akafunga.