Kodi Tatu

Nilidhani kupiga ni kupiga.
Miaka ishirini na mitatu napiga mawe hapa Mabatini,
mwamba mpaka ukawa kokoto,
kokoto mpaka zikajaa debe,
madebe mpaka yakawa ada ya Holo, ya Kwilasa, ya yule wa mwisho aliyeacha shule.
Gitaa lingenishinda nini?
Aliliacha mpangaji aliyekimbilia Geita usiku,
nikalichukua badala ya deni la mboga.

Ndalahwa akaja Jumapili akitoka kwaya.
Nyundo yangu imemzidi umri.
"Shikamoo mama,"
na kabla sijamaliza marahaba
akanishika kidole cha shahada kama mtu anayekagua samaki:
"Hiki kikae hapa. Si hapo. Hapa."
Malipo yake ndoo mbili za kokoto kila somo,
mama yake anamwaga sakafu ya jiko.

Akasema tutaanza na kodi tatu.
Nikashtuka. Hata moja sijalipa tangu Machi,
na mwenye nyumba hutoka Nyakato bila hodi.
Kijana akacheka mpaka akashika ukuta.
Kumbe ipo kodi inayolipwa kwa vidole.

Nikalipa.
Uzi mwembamba ukanikata.
Nina sugu, nikamwambia, tazama,
kiganja hiki hata kaa la moto hukiomba ruhusa.
Akaugeuza mkono wangu wa kushoto,
huu unaoshikilia jiwe wakati mwenzake anapiga,
wenye ukucha mmoja mweusi tangu mwaka ule wa mvua,
akagusa ncha za vidole, laini kama za mtoto.
"Sugu zako ziko pasipo na kazi, mama."

Usiku ule sikulala.
Sugu zangu. Pasipo na kazi.

Bandu bandu huisha gogo,
alisema mtu ambaye hakuwahi kuishi juu ya mwamba.
Mimi vidole vyangu vinajua jambo moja: kushika kitu kisitoroke.
Sasa naambiwa bana, achia. Bana,
achia.
Kati ya C na G nachelewa kama abiria wa Kamanga
mwenye mabegi matatu na kuku:
nafika gatini jasho linanitoka,
pantoni ishaondoka na mdundo wote.

Bugumba wa chumba cha pili hugonga ukuta.
Mara moja: punguza.
Mara mbili: Mungu anakuona.

Alhamisi uzi wa kwanza ukakatika.
Mjini wanauza bei ya madebe manne.
Mdogo wangu wa Igombe akaniletea mshipi wa sangara,
nikaufunga, nikausokota,
unatoa sauti ya mtu mwenye mafua,
lakini haukatiki.
Uliwahi kuvuta kilo arobaini, akasema,
wewe utaufanya nini?

F sijaiweza.
Kidole kimoja kilale juu ya nyuzi zote sita,
kama mlinzi aliyesinzia mlangoni,
halafu vingine viendelee na kazi?
Wapo miamba huku hatuwapasui.
Tunajenga nyumba kuwazunguka,
sebule inapinda kidogo,
mgeni anauliza, tunamwambia kaa tu.

Jana umeme ukakatika nikiwa katikati ya C.
Giza la kweli, la kutoiona hata pua ya gitaa.
Nikasema basi, ngoja nimalize.
Vidole vikanyanyuka, sikuvituma,
vikatua,
na G ikaitika yote, pamoja na mafua yake,
ikaenda ikagonga bati, ikarudi.
Nikakaa kimya kama mtu aliyevunja sahani ya jirani.

Bugumba akagonga.
Mara tatu.

Mara tatu hatujawahi kukubaliana maana yake.
Nikasubiri kidogo.
Kisha nikairudia, polepole,
kuanzia C.