Kiti Kisichoota Ukungu

Mwaka huu hakuna aliyevifunika.
Turubai lilikuwa kazi ya mama,
yeye na kamba zake na mafundo yake yasiyofunguka,
kila Oktoba, jani la kwanza likishaziba mfereji.
Septemba akatangulia.
Oktoba ikaja, ikalikuta turubai limekunjwa bandani,
ikapita.

Basi viti vyote vinne, na meza,
vilikaa nje na theluji miezi mitano
mithili ya wageni walioalikwa na mwenyeji akasahau.

Nimekuja Haapsalu na basi la asubuhi,
nimebeba magadi, siki, brashi mbili,
na sauti ya mtu anayejua anachokifanya.
Baba yuko dirishani. Endel, miaka sabini na tisa,
fundi saa, mtu wa kuhesabu maneno kana kwamba anayalipia.
"Mbao ni mbao," anasema. "Zitakauka."
Anairudia redio yake.

Ninaanza na meza.
Brashi kavu kwanza, kufuata nyuzi za mbao;
ndivyo alivyonifunza mama: usiisugue mbao kinyume,
itakununia mpaka vuli.
Kisha maji ya uvuguvugu, sabuni ya kipande iliyokwanguliwa,
magadi kijiko kimoja, si viwili.
Ukungu unatoka kijani
kama mchicha uliosahauliwa motoni,
unatiririka kwenye nyufa za mawe,
unanilowesha soksi.

Kiti cha kwanza, changu. Chini yake
chingamu ya zama za Wasovieti, ngumu kama jino.
Nimeiacha.
Cha pili, cha kaka yangu Raivo,
mguu mmoja mfupi tangu alipoukata kwa msumeno
kuthibitisha jambo ambalo hakuna anayelikumbuka.
Cha tatu cha baba: kijani mpaka mgongoni,
na duara jeusi kwenye mkono wa kulia
alipozoea kuweka bilauri.

Cha nne cha mama.
Nilikitekea maji mapya. Sijui kwa nini.
Nikakunja mikono ya sweta, nikapiga goti,
nikagusa.

Kikavu.
Kisafi, wala si usafi wa kuoshwa,
usafi wa kukaliwa:
ubao umeng'aa katikati,
mikono imelainika pale vidole vinapoishia,
na mbele yake, kwenye mawe,
pahala pawili ambapo ukungu haukuthubutu,
upana wa viatu vya mwanamume, namba arobaini na nne.

Niligeukia dirisha.
Redio ilikuwa inasoma hali ya hewa ya baharini,
upepo wa kaskazini-magharibi, mawimbi nusu mita.
Baba ameinamia saa isiyo na ubovu wowote.

Januari nilimpigia simu,
nyuzijoto kumi na nane chini ya sifuri.
"Unatoka nje lakini?"
"Kufanya nini?" akasema.
Nami nikakata simu nikiwa nimetulia:
heri, anakaa ndani kwenye joto.

Sikusema kitu. Nilimwaga yale maji mapya
kwenye mizizi ya waridi.
Vile vitatu nikavipaka mafuta ya kitani
kwa tambara la foronya kuukuu,
mkono mwepesi, kufuata nyuzi.
Cha nne nikakiruka.

Saa kumi jioni akatoka na kikombe cha kahawa.
Kimoja.
Akavizunguka viti
kama anayekagua kazi ya mwanagenzi,
akanusa, akagusa kwa ncha ya kidole, akajifuta surualini.
"Havijakauka," nikamwambia. "Hakuna pa kukaa
ila hapo."

Akanitazama.
Akakitazama kile kiti.
"Hapo," akasema, "huwa pana upepo,"
akakaa.

Nami nikakaa kwenye ngazi na soksi zangu mbichi.
Kahawa tukaichangia,
kikombe kikienda na kurudi,
hadi taa ya jirani ikawashwa.